Samadi Ilikuwa na Mwenyewe: Historia ya Mboji Katika Mashamba ya Nyumbani

Mazungumzo mengi ya kilimo hai huanza na babu. Babu, tunaambiwa, hakujua urea wala dawa ya kupulizia. Alilima kwa samadi na majani yaliyooza, akavuna, akashiba, mpaka mfuko wa mbolea ya dukani ulipokuja kuharibu mambo. Hadithi hiyo humvutia sana anayeanzisha bustani nyuma ya nyumba, kwa kuwa inampa urithi wa kujivunia. Shida ni kwamba babu wengi wa Afrika Mashariki hawakurundika mboji hata siku moja. Walifyeka pori, wakachoma, wakapanda juu ya majivu kwa misimu michache, na udongo ulipochoka wakasogea mbele na kuliacha pori lirudi. Kwa watu wachache wenye ardhi kubwa huo haukuwa uvivu wala ujinga. Moto na muda viliwafanyia bure kazi ambayo mboji huidai kutoka kwenye mgongo wa mtu. Waliotengeneza rutuba kwa mikono waliishi sehemu chache tu, na sehemu hizo, pamoja na tofauti zake zote za mvua na udongo, zilifanana kwa jambo moja: wenyeji wake hawakuwa na pa kuhamia. Kwa hiyo historia ya mboji kwetu, ninavyoiona, ni ya uhaba wa ardhi kwanza. Kisha ni ya ng'ombe na wenye ng'ombe, na ya nani aliyebeba mzigo. Hekima ya wazee imo ndani yake, lakini peke yake haielezi mengi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Ukara, kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 80 hivi, miamba ya itale imetapakaa kila upande, na udongo wake ni kichanga kisicho na nguvu. Katika miaka ya 1960 kiliishi watu wapatao 16,000, yaani kama watu 200 kwa kila kilomita ya mraba, wakati sehemu kubwa ya Tanganyika ya jirani haikuwa hata na robo ya msongamano huo. Maofisa wawili wa kikoloni, Thornton na Rounce, walichapisha mwaka 1936 maelezo ya kilimo cha Wakara, na mpaka leo ukiyasoma unaona jinsi walivyostaajabu. Ng'ombe wa Mkara hakuzurura. Alifungwa ndani ya nyumba, katika sehemu iliyochimbwa chini ya usawa wa sakafu, akaletewa majani ya kula na ya kulalia. Kinyesi, mkojo na mabaki ya malisho vilikanyagwa pamoja humo, tabaka juu ya tabaka, mpaka shimo lilipojaa. Ndipo samadi ikatolewa na kubebwa kwa vikapu mpaka shambani. Malisho yenyewe yalikuwa zao. Kandokando ya ziwa Wakara walichimba vishimo vya kuoteshea nyasi pale maji yalipokuwa karibu, na majani ya miti, ambayo nayo ilikuwa na wenyewe, yalivunwa kwa ajili ya mifugo.

Samadi haikutosha, na hilo walilijua. Katika shamba la uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, ambao mizizi yake hukaribisha bakteria wenye kunasa nitrojeni kutoka hewani. Uwele ulipovunwa, mmea huo uliachwa uendelee kukua, kisha ukafukiwa kwa jembe ungali mbichi ili uozee ardhini. Mzunguko mzima ulichukua miaka mitatu, ukipitia uwele, njugu mawe na mtama, na shamba halikupumzishwa kwa maana ya kuachwa tu. Penye mteremko palijengwa kuta za mawe kuzuia udongo usishuke ziwani. Huu ndio mfumo ambao leo ungepewa cheti bila mkaguzi kuuliza maswali mengi.

Sasa, Wakara walipohamia Ukerewe au bara, ambako ardhi ilikuwa bado tele, wengi wao waliacha. Hawakuacha kidogokidogo baada ya vizazi vitatu vya kusahau. Watu walewale waliokuwa wakifukia marejea kisiwani walifika ng'ambo, wakaona pori, wakalima kama majirani zao. Watafiti wa nyakati mbalimbali wameliona jambo hili na kulirudia, nami sioni namna ya kulikwepa. Anayesema kwamba tumeacha mboji kwa sababu tumepoteza maarifa ya wazee lazima aeleze kwa nini Mkara, mwenye maarifa yote kichwani, aliyaweka kando mara tu alipopata ekari za kutosha. Jibu ni hesabu ya jasho. Kisiwani, siku moja ya kubeba samadi ilileta chakula ambacho kisingepatikana kwa njia nyingine yoyote. Bara, siku hiyohiyo ikitumika kufungua shamba jipya ilileta zaidi. Wamatengo wa milima ya Mbinga wanasimulia historia inayoelekea hukohuko. Vita vya Wangoni katika karne ya 19 viliwabana milimani, na kilimo chao cha ngoro, cha kulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana na kuzifunika kwa udongo unaochimbwa katikati mpaka mlima mzima ujae vishimo, kilishamiri kwenye miteremko ambayo mtu mwenye hiari asingeichagua.

Atasema mtu: Ukara ni kisiwa, na kisiwa hakiwezi kuwa kipimo cha nchi. Mbona Kilimanjaro na Bukoba, mashuhuri kwa migomba, zilineemeka kwa udongo na mvua tu? Kwa Kilimanjaro pingamizi hilo lina uzito, maana udongo wa volkano ni zawadi kweli. Lakini Bukoba linavunjika. Sehemu kubwa ya Buhaya imekaa juu ya mwambachanga, na mvua kubwa ya ziwani imekuwa ikiusafisha udongo wake virutubisho kwa karne nyingi. Ukitoka ndani ya kibanja, penye migomba, kahawa na maharage chini ya kivuli, ukavuka mpaka wa kijiji, unaingia kwenye rweya, uwanda wa nyasi zisizofaa kwa mengi. Mwamba ni uleule na mvua ni ileile. Kilichotofautisha pande hizo mbili ni binadamu. Kwa miaka mingi nyasi za rweya zilikatwa na kuletwa kuwa matandazo chini ya migomba. Ng'ombe walishinda rweya wakila, jioni wakarudi nyumbani na kuacha kinyesi chao kibanjani. Rutuba ya eneo pana ilikuwa ikikusanywa kila siku na kuwekwa kwenye eneo dogo lililoizunguka nyumba. Kibanja, kwa maneno mengine, kiliishi kwa kuila rweya.

Hapo ndipo ng'ombe anapoingia kwenye siasa. Uchaggani, kama ilivyokuwa Buhaya, mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote nyumbani kwake. Aliwagawa kwa majirani na jamaa wasio nao: mtunzaji alikata majani, alimlisha mnyama ndani ya nyumba, na kwa kazi hiyo alipata maziwa na samadi, huku ng'ombe na ndama wakibaki mali ya mwenyewe. Tazama vizuri mkataba huo. Samadi ilihesabiwa kuwa malipo, tena malipo yaliyomfunga mtu, kwa sababu asiye na samadi migomba yake ilidhoofu, na ili aendelee kuipata ilibidi aendelee kuwa mtu wa fulani. Sotoka ilipopita Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuua mifugo kwa wingi wa kutisha, haikuondoa nyama na mahari peke yake. Iliondoa pia chanzo cha mbolea, na waliobaki na ng'ombe wachache wakawa na nguvu kuliko awali. Siku hizi tunazungumzia mboji kana kwamba ni kitu cha bure kinachomsubiri yeyote mwenye nia njema. Zamani ilikuwa na mwenyewe.

Na ilikuwa na mbebaji. Kihamba cha Mchagga kiko juu, kwenye ukanda wa migomba, na majani mengi ya kulisha ng'ombe yalitoka chini, tambarare, saa kadhaa kwa miguu. Mzigo huo ulipandishwa mlima kichwani, na kichwa hicho mara nyingi kilikuwa cha mwanamke. Ili kuona uzito wa jambo hili inafaa kupiga hesabu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Samadi mbichi ya zizini huwa na nitrojeni kama nusu asilimia hivi, kwa hiyo kuipata nitrojeni ileile kunahitaji tani nne na nusu na ushei. Kwa mizigo ya kilo 25, hizo ni safari zaidi ya 180, bila kuhesabu majani yaliyomlisha ng'ombe kabla. Mtaalamu wa udongo atapinga, na kwa haki: samadi ina fosforasi, potasiamu na kaboni ambavyo urea haina, huufanya udongo ushike maji, na haipotezi nitrojeni yake yote kwa mvua moja. Yote ni kweli. Lakini mwanamke aliyepanda mlima na mzigo hakuwa akipewa ujira kwa kila kirutubisho, na hesabu ya safari 180 ndiyo iliyokuwa mwilini mwake.

Ukiweka hilo akilini, mkutano wa mboji na serikali ya kikoloni unaeleweka vizuri zaidi. Nadharia ya kisasa ya mboji ilikomazwa Indore, katikati ya India, ambako Mwingereza Albert Howard aliongoza kituo cha utafiti kuanzia 1924 hadi 1931. Yeye na mwenzake Yeshwant Wad walichapisha mwaka 1931 njia iliyochota mengi kutoka kwa wakulima wa Kihindi na Kichina: mabaki ya mimea, kinyesi cha maksai, udongo uliolowa mkojo na majivu kidogo hupangwa kwa tabaka katika shimo la kina cha futi 2 hivi, hunyunyiziwa maji, hugeuzwa mara tatu ili hewa ipenye, na baada ya miezi mitatu hivi huwa mbolea nyeusi isiyo na harufu mbaya. Kinachofanya kazi humo ni vijidudu. Vinahitaji kaboni kama sehemu 30 kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, ndiyo maana mabua matupu hukaa mwaka mzima bila kuoza, na kinyesi kitupu hunuka na kupoteza nguvu yake hewani. Vikichanganywa sawasawa, katikati ya fungu joto hupanda kufikia nyuzi 60 na kuua mbegu nyingi za magugu. Wakulima wetu hupima kwa kijiti kirefu kilichochomekwa mpaka ndani: kikitoka cha moto, fungu linafanya kazi, kikitoka kikavu na baridi, ongeza maji. Kufikia 1933 mashamba makubwa ya kahawa karibu na Nairobi yalikuwa yameanza kutumia njia ya Indore. Lakini Howard alikuwa na maksai wa kituo na vibarua wa kulipwa, na walowezi wa kahawa nao walikuwa na vibarua. Njia ilikuwa nzuri. Swali la nani atageuza fungu lilikuwa limejibiwa kabla halijaulizwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilipoamua kuokoa udongo wa Waafrika, swali hilo lilijibiwa kwa amri. Usukumani sheria ndogo ziliwataka watu wafunge matuta na wapeleke samadi mashambani. Uluguru, kati ya 1950 na 1955, watu waliamriwa kuchimba ngazi kwenye miteremko kwa siku kadhaa za kazi bila malipo. Julai 1955 huko Matombo umati ulikataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Kuna wanaosoma tukio hilo kama ushahidi kwamba wakulima walikuwa wakaidi mbele ya sayansi. Ushahidi wa shambani unasema vingine. Ngazi zilichimbwa kwenye udongo mwembamba, na uchimbaji ulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, kwa hiyo mavuno yalishuka pale palipotiiwa amri. Tena ardhi ya Uluguru ilishikwa na koo, na wengi walilima sehemu walizoazimwa. Aliyetoa jasho hakuwa na hakika kwamba atavuna matunda yake. Hakuna Mkara aliyehitaji polisi ili afukie marejea, kwa sababu shamba lilikuwa lake na mwanawe angelirithi. Nadhani hapa ndipo penye tofauti kubwa, kubwa kuliko ubora au ubovu wa mbinu yenyewe.

Uhuru haukubadili kanuni hiyo. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kwenda kwenye vijiji vya mpango, na katika sehemu nyingi ardhi iliyokuwa imelishwa takataka za jikoni na kinyesi cha zizi kwa miaka iliachwa pamoja na magofu ya nyumba. Milima yenye migomba iliguswa kidogo, maana watu walikuwa wamekwisha kubanana. Wakati huohuo kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichofunguliwa 1972, na ruzuku za serikali vilifanya mfuko wa chumvichumvi uwe rahisi, hasa kwa mahindi ya nyanda za juu kusini. Wakulima waliupokea haraka. Waandishi wengi wa kilimo hai huandika sura hii kama hadithi ya kudanganywa, nami sikubaliani nao. Mfuko mmoja ulichukua nafasi ya safari 180. Mtu aliyefanya hesabu hiyo hakudanganywa, hata kama baadaye udongo wake ulipungua kaboni na kuwa na tindikali zaidi. Gharama hiyo haikuonekana siku ya kununua.

Ruzuku zilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei ya mfuko ikapanda, na ghafla mboji ikawa na wasikilizaji. Huko Kenya, taasisi ya mafunzo ya kilimo hai, KIOF, ilikuwa imeanza 1986. Tanzania ikapata mtandao wake, TOAM, mwaka 2005. Na mwaka 2007 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikakubaliana kiwango kimoja cha mazao hai na alama yake ya Kilimohai. Ni mafanikio, lakini ratiba yake yafaa itazamwe bila haya: harakati ilipata nguvu pale mfuko ulipokuwa ghali. Tena urithi unaotajwa na harakati hiyo haukuwa safi kama unavyochorwa. Kihamba, ambacho eneo lake la Shimbwe Juu lilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kilinyunyiziwa mrututu kwa miongo mingi ili kuzuia magonjwa ya kahawa, na shaba haiozi, hubaki udongoni. Kanuni za kilimo hai kwingi duniani huruhusu shaba kwa kiasi fulani, jambo ambalo huwashangaza waliodhani neno asili linamaanisha kitu kisichodhuru.

Je, haya yote yanambeza anayerundika maganda nyuma ya jiko? Hapana, yanamweka mahali pake tu. Uhaba uliozaa mboji Ukara sasa uko karibu kila mahali: vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vingine havifiki ekari moja, rweya inapandwa miti, na pori la kuhamia halipo. Masharti ya zamani yamerudi, pamoja na maswali yake. Rutuba bado hutoka mahali fulani. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya ya kati hununua samadi inayoletwa kwa malori kutoka maboma ya wafugaji wa nyika, na kila lori linapopanda, malisho ya nyikani yanapungukiwa kile ambacho bustani ya juu inapata. Ni kibanja na rweya tena, kwa dizeli. Mijini mtiririko ni wa upande mmoja zaidi: ndizi za Kagera na Kilimanjaro huliwa Dar es Salaam, na maganda huishia jalalani Pugu, maana kuyarudisha hakuna anayelipia.

Na suala la umiliki nalo limeingia mjini. Fungu la mboji huhitaji miezi mitatu, na udongo uliochoka huhitaji miaka kadhaa ya kulishwa kabla haujaitikia. Mpangaji wa chumba na sebule anayejua kwamba mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi mwaka ujao ana sababu zilezile za mkulima wa Uluguru aliyeazimwa shamba: jasho lake atalivuna mwingine. Semina haiwezi kumwondolea sababu hizo, ila wapangaji wengi wamekwisha kupata njia yao wenyewe. Wanapanda mchicha na sukumawiki kwenye viroba na madumu yaliyokatwa, wanaulisha udongo uliomo kwa maganda ya jikoni, na siku ya kuhama wanaupakia kwenye mkokoteni pamoja na godoro.